Sungura wa Laetoli

Anayesimulia habari za Laetoli huanza na wale wapita njia wachache waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu mabichi ya volkano, miaka milioni 3.66 iliyopita. Wanastahili heshima hiyo, maana hakuna nyayo nyingine duniani zilizotufundisha mengi kama zile kuhusu lini wazee wetu walisimama wima. Lakini nchi waliyoipita ilikuwa na wenyeji wake. Mmoja wao, mnyama mdogo wa jamii ya sungura, aliacha pale mifupa na nyayo nyingi kiasi kwamba ni wanyama wachache sana wa Laetoli wanaoweza kushindana naye. Wanasayansi humwita Serengetilagus praecipitis. Ameshatoweka, na kwa Watanzania wengi hata jina lake halijawahi kusikika, ingawa makazi yake ni ardhi ya Tanzania na jina lake la kwanza linabeba Serengeti.

Laetoli iko ndani ya Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, kilomita 45 hivi kusini mwa Bonde la Olduvai, kwenye nyanda za juu zinazoshuka kuelekea Ziwa Eyasi. Ni nchi ya migunga, nyasi na makorongo yaliyochimbwa na maji ya mvua, na Wamasai huchunga mifugo yao humo. Mvua inaponyesha, udongo wa miteremko huoshwa na mifupa iliyogeuka jiwe hubaki juu, imetapakaa. Kwa hiyo wa kwanza kuijua Laetoli walikuwa wenyeji wanaopita na ng'ombe. Mwaka 1935 Louis Leakey na Mary walikuwa Olduvai, ndipo mtu mmoja aitwaye Sanimu alipowafikia na kuwaeleza kwamba upande wa kusini kuna mahali penye mifupa kama ile waliyokuwa wakiitafuta. Walikwenda, wakaokota vitu kadhaa, wakaondoka. Miongoni mwa walivyookota kulikuwa na jino moja la mbele lililopelekwa London likahifadhiwa kama jino la nyani. Mwaka 1979 ndipo lilipotambuliwa kuwa la jamii ya binadamu. Laetoli ilikuwa imekwisha kutoa siri yake kubwa, na hakuna aliyeisikia kwa miaka zaidi ya arobaini.

Aliyekuja baada ya hapo alikuwa Mjerumani, Ludwig Kohl-Larsen, daktari aliyegeuka msafiri. Alikuwa amewahi kufika hadi Georgia Kusini, kisiwa cha barafu kilicho njiani kuelekea Ncha ya Kusini, kabla ya kuvutiwa na Ziwa Eyasi. Alikaa pia na Wahadzabe, akaandika hadithi zao, zikiwemo nyingi za wanyama. Mwaka 1938 na 1939 kikosi chake kilizunguka miteremko ya mto Garusi, ambao ni sehemu ya Laetoli, kikikusanya kila kilichoonekana. Kilipata kipande cha taya la juu la kiumbe wa jamii ya binadamu chenye meno mawili. Kilipata pia mifupa ya wanyama kwa mamia na mamia, na ndani ya makasha hayo mataya ya sungura yalikuwa tele. Kisha vita vya pili vya dunia vikaanza, na mifupa ilikuwa imekwisha kuvuka bahari kwenda Ujerumani.

Ilifika Berlin, mikononi mwa Wilhelm Otto Dietrich wa Jumba la Makumbusho ya Viumbe Asilia. Dietrich aliijua mifupa ya Afrika Mashariki kwa muda mrefu, hasa ya tembo wa kale. Katika miaka ya mwanzo ya 1940, wakati mji wake ukiwa katikati ya vita, alikaa na mifupa ya Garusi akaipanga, akaipima na kuipa majina. Sungura alimwona kuwa wa jenasi mpya kabisa, ambayo haikuwa imeandikwa popote. Kitabu chake kikubwa juu ya wanyama hao kilitoka mwaka 1942, na katika kichwa cha habari aliandika kwamba wametoka kusini mwa Serengeti, Afrika Mashariki ya Kijerumani. Nchi hiyo haikuwepo tena. Tangu baada ya vita vya kwanza ilikuwa Tanganyika, chini ya Waingereza. Hivyo sungura huyu aliingia katika vitabu vya sayansi akiwa na anwani ya koloni lililokwisha kufa, na mifupa iliyotumika kumpa jina iko Berlin hadi leo.

Jambo jingine alilokosea Dietrich halikuwa la siasa. Aliamini wanyama wa Garusi ni wa mwanzo wa kipindi kile cha karibuni cha jiolojia, zama za barafu za Ulaya. Hakuwa na njia ya kupima umri wa mwamba. Alilinganisha wanyama na wanyama tu. Vipimo vya potasiamu na agoni vilivyofanywa katika miaka ya 1970 viliusukuma umri huo nyuma sana, na vya baadaye vikaunyoosha zaidi. Tabaka za Juu za Laetolil, ambamo sungura wengi wanatoka, zilitandikwa kati ya miaka milioni 3.85 na milioni 3.63 iliyopita.

Ili kuelewa Dietrich aliona nini, inafaa kulishika taya lenyewe. Taya la chini la sungura linakaa vizuri kwenye kiganja. Mbele kuna jino moja refu la kukatia, limepinda, limechomoza kama patasi. Nyuma yake kuna pengo tupu, mfupa laini usio na jino lolote. Baada ya pengo yamepangwa meno matano ya kusagia, yamebanana, kila moja likiwa ni mlingoti ulioingia ndani sana ya taya. Meno hayo hayana mizizi iliyofungwa. Yanaendelea kukua maisha yote ya mnyama, maana nyasi na vumbi huyasugua kila siku. Ukiligeuza taya ukalitazama kutoka juu, utaona usoni mwa kila jino mstari wa enameli umejikunja na kuingia ndani. Jino la kwanza baada ya pengo ndilo lenye mikunjo ya kusema mengi. Mtaalamu wa sungura wa kale hulitafuta hilo kwanza. Akilipata peke yake, limevunjika kutoka kwenye taya, bado anaweza kutaja jenasi. Serengetilagus alijulikana kwa mikunjo hiyo.

Taya la juu nalo lina jambo lake. Panya na jamaa zake wana meno mawili tu ya kukatia juu. Sungura wana manne: mawili makubwa mbele, na mawili madogo mno yaliyojificha nyuma yake. Kwa muda mrefu wataalamu waliwaweka sungura katika kundi moja na panya, wakiona meno yanayokua bila kukoma na kusahau yale mawili ya nyuma. Mwaka 1912 Mmarekani J. W. Gidley alitoa hoja kwamba sungura ni ukoo wao wenyewe, na hoja hiyo ikashinda. Jambo hili linahusu Laetoli moja kwa moja, kwa sababu ukoo huo uliotenganishwa na panya una historia ndefu, na kufika kwake Afrika ni safari ya kustaajabisha.

Safari hiyo ilianzia Asia. Nchini Mongolia kumepatikana mifupa ya Gomphos, mnyama wa miaka milioni 55 hivi iliyopita, ambaye miguu yake ya nyuma tayari ilikuwa inaelekea kuwa ya sungura ijapokuwa meno yake yalikuwa bado ya kizamani. Baadaye ukoo uligawanyika. Tawi moja likawa la pika, wanyama wadogo wa mviringo, wenye masikio mafupi na wasio na mkia unaoonekana, ambao leo wanaishi kwenye milima ya baridi ya Asia na Amerika Kaskazini. Tawi la pili ni la sungura wenyewe, na hilo lilikulia Amerika Kaskazini. Katika nyika kavu za kati za Marekani kuna visukuku vingi vya Palaeolagus, sungura mdogo aliyepewa jina na Joseph Leidy mwaka 1856. Kwa mamilioni ya miaka sungura walikuwa wanyama wa Amerika, na Afrika haikuwajua.

Pika ndio waliotangulia kufika kwetu. Hili wengi hawalitarajii: Kenya iliwahi kuwa na pika. Mwaka 1953 D. G. MacInnes alichapisha maelezo ya visukuku vya jamii hii kutoka kisiwa cha Rusinga katika Ziwa Viktoria na kutoka Songhor, akawaita Kenyalagomys. Waliishi mapema katika kipindi cha Miosini, wakati mmoja na yule sokwe wa kale Prokonsuli, katika nchi ya misitu na volkano ambayo haikufanana hata kidogo na milima ya baridi wanakoishi jamaa zao leo. Kisha wakatoweka Afrika Mashariki, na kwa muda mrefu nafasi yao haikujazwa na ndugu yeyote.

Sungura wenyewe walivuka kutoka Amerika kwenda Asia kupitia nchi kavu iliyokuwa ikiunganisha Alaska na Siberia, takriban miaka milioni 8 iliyopita. Walienea kwa kasi ya ajabu. Wachimbaji wa visukuku wa Asia na Ulaya hutumia kuonekana kwao kama alama ya wakati: tabaka isiyo na sungura ni ya kabla, yenye sungura ni ya baada. Kufikia miaka milioni 7 iliyopita walikuwa wamekwisha kuingia Afrika. Ushahidi mmoja uko Toros-Menalla, kwenye jangwa la Chadi, palepale palipopatikana fuvu la Toumaï mwaka 2001, mmoja wa wazee wa mbali kabisa katika jamii ya binadamu. Mwaka 2007 Nieves López-Martínez na wenzake walimweleza sungura wa mahali hapo, wakamwona kuwa ni ndugu wa yule wa Laetoli, wakamwita Serengetilagus tchadensis. Kwenye tabaka za Lemudong'o, kusini mwa Kenya, za miaka milioni 6 hivi, nako kuna mifupa ya sungura.

Ninaona jambo la kugusa moyo hapa. Chadi, sungura hawa waliishi na Toumaï. Laetoli, waliishi na Australopithecus afarensis, kiumbe mwingine wa jamii ya binadamu. Wazee wetu na jamii hii ya sungura walikua pamoja katika bara moja, na mtoto wa kwanza kabisa wa jamii yetu aliyeshtuka kwa mnyama mdogo aliyechomoka kwenye nyasi miguuni pake, yamkini alishtushwa na sungura.

Rudi sasa Laetoli, mwaka 1974. Mary Leakey, ambaye wakati huo mumewe Louis alikuwa amekwisha kufariki, alirejea kwenye makorongo yale aliyoyaona ujanani. Safari hii alikuja na kikosi cha Wakamba wenye uzoefu mkubwa wa kutafuta visukuku. Maundu Muluila ndiye aliyeona taya la chini linaloitwa LH 4, ambalo mwaka 1978 lilichaguliwa kuwa kielelezo cha spishi nzima ya Australopithecus afarensis. Kazi ya kila siku ya kikosi hicho ilikuwa kutembea polepole, macho chini, na sehemu kubwa ya walichokiona ilikuwa vipande vya wanyama wadogo. Mtu aliyetafuta taya la binadamu alikutana kwanza na mataya ya sungura, mara nyingi.

Kwa nini wengi hivi? Jibu linaanza na namna nchi ile ilivyotengenezwa. Laetoli haikuwa ziwa wala ukingo wa mto mkubwa. Viboko na mamba, ambao huwa tele kwenye maeneo ya visukuku ya Afrika Mashariki, hapa hawaonekani. Ilikuwa nchi kavu, na kilichozika mifupa ni majivu ya volkano yaliyoletwa na upepo. Maji ya mto hubeba mifupa midogo na kuisaga; upepo uliifunika palepale ilipoanguka. Ndiyo maana Laetoli imehifadhi vitu vilivyo laini na vidogo ambavyo kwingine hupotea: mayai ya ndege, makonokono, viota vya mchwa, vijumba vya nyuki wa ardhini, hata mipira ya mavi iliyoviringishwa na mbawakawa. Sungura aliyekufa nyikani, au mifupa iliyoachwa na tai na wanyama walao nyama baada ya kula, ilikuwa na nafasi nzuri ya kufunikwa kabla ya kuoza.

Majivu yenyewe yalikuwa ya aina ya pekee. Yalikuwa na kemikali za kaboneti, zinazokaribiana na zile zinazotoka leo katika Oldoinyo Lengai, mlima unaoendelea kuwaka kaskazini mashariki mwa Ngorongoro. Yakilowa kwa mvua kisha yakapigwa na jua, hugandamana na kuwa magumu. Tabaka moja ya majivu hayo, yenye unene wa sentimita 15 hivi, iliundwa na vumbi lililoanguka mara nyingi, mara kwa mara, ndani ya muda mfupi, huenda wiki chache tu, kiangazi kikielekea kwisha na mvua za kwanza zikianza. Mwanajiolojia Richard Hay aliichunguza tabaka hiyo kwa makini. Vumbi lilianguka, manyunyu yakalilowesha, wanyama wakapita, jua likakausha, vumbi jingine likafunika. Kisha mambo yakajirudia.

Mwaka 1976 wageni watatu wa Mary Leakey, Andrew Hill, David Western na Kay Behrensmeyer, walikuwa wakirudi kambini jioni huku wakirushiana mavi makavu ya tembo kwa mchezo. Hill aliteleza akaanguka, uso ukawa karibu na mwamba, akaona vijishimo vidogo vilivyotapakaa. Vilikuwa alama za matone ya mvua. Pembeni yake kulikuwa na nyayo za wanyama. Watu walikuwa wamezipita kwa misimu miwili bila kuziona, kwa sababu kila mmoja alikuwa akitafuta mifupa.

Mchezo ule uliwafungulia watafiti ukurasa mpya. Katika miaka iliyofuata sehemu nyingi za tabaka ile zilisafishwa, na nyayo zikahesabiwa kwa maelfu. Tembo walipita, vifaru walipita, twiga, fisi, swala wa aina nyingi, kanga, na farasi wa kale mwenye vidole vitatu pamoja na mtoto wake. Lakini ardhi ilikuwa imejaa zaidi alama ndogo, za digidigi na za sungura. Kazi ya kuzipiga brashi ilikuwa ya subira. Majivu yaliyojaa ndani ya unyayo mdogo lazima yatolewe bila kukwaruza sakafu yake, na unyayo wa sungura hauna kina cha kuvumilia kosa.

Mpangilio wake ndio unaomtambulisha. Sungura anaporuka, miguu ya mbele hutua kwanza, mmoja nyuma ya mwingine karibu katika mstari. Halafu ile mikubwa ya nyuma hupita nje yake na kutua mbele, sambamba. Hivyo katika kila mruko kuna nyayo nne kwa kundi: mbili ndogo nyuma, mbili kubwa mbele, na mtu asiyejua anaweza kudhani mnyama alikuwa akielekea upande wa kinyume. Halafu pengo, halafu kundi jingine. Anapokuwa anakula polepole, makundi yanakaribiana na kuvurugana. Anapotimka, mapengo yanapanuka. Katika mifupa tunamwona sungura aliyekufa. Katika majivu yumo sungura anayeishi, aliyetoka kutafuta chakula baada ya volkano kunyunyiza vumbi juu ya majani yake, akaruka huku na huku katika tope jembamba, akarudi alikotoka.

Mwaka 1978 Paul Abell aliona unyayo uliofanana na wa kisigino cha mtu, mahali palipokuja kuitwa Eneo G. Ndibo Mbuika na wachimbaji wengine walifuata mstari huo hadi ukafikia mita 27 hivi. Kuanzia siku hiyo dunia ilitazama Eneo G, na nyayo nyingine zikawa mandhari ya nyuma. Sina ugomvi na hilo, isipokuwa kwa hasara moja: mjadala mkubwa kuhusu wazee wetu, kwamba waliishi katika nchi ya namna gani, ungeweza kutulia mapema zaidi kama wanyama wadogo wangesikilizwa kwa makini ileile.

Mjadala wenyewe ulikuwa huu. Mwanzoni ilidhaniwa kwamba Laetoli ya kale ilikuwa kama Serengeti ya leo, uwanda wa nyasi fupi usio na miti, na kwamba wazee wetu walisimama wima ili kuuvuka. Wataalamu walipozidi kuwachambua wanyama wote, wakubwa na wadogo, picha ilibadilika. Wengi walikuwa walaji wa majani ya miti na vichaka. Kulikuwa na nyani waliohitaji miti, makonokono wanaotaka kivuli na unyevu, na digidigi, ambao huishi vichakani. Leo wengi wanakubali kwamba ilikuwa nchi mchanganyiko: misitu ya miti iliyoachana, vichaka, na nafasi za nyasi kati yake, bila maji ya kudumu mengi. Katika nchi hiyo sungura alipata kila alichohitaji. Nyasi na majani ya kula yalikuwepo, na vichaka vya kujificha vilikuwa karibu.

Mwili wake nao unakubaliana na picha hiyo. Alisa Winkler na Yukimitsu Tomida, waliochunguza upya sungura wa Laetoli na kuchapisha kazi yao mwaka 2011, walikuwa na hazina ambayo mtafiti wa sungura wa kale huipata kwa nadra: mafuvu, mataya, meno, na mifupa ya miguu, ya spishi moja, kwa wingi. Sungura wa nyikani tunayemwona leo usiku kwenye mwanga wa taa za gari ni wa jenasi ya Lepus. Huyo amejengwa kwa mbio ndefu, ana miguu mirefu, hachimbi shimo la kuishi, na watoto wake huzaliwa na manyoya, macho wazi, tayari kujificha kwenye nyasi. Sungura wa kufugwa ametokana na yule wa porini wa Ulaya, Oryctolagus, mwenye miguu mifupi zaidi, mchimba mashimo, ambaye watoto wake huzaliwa uchi na vipofu ndani ya ardhi. Serengetilagus hakuwa mkimbiaji wa kiwango cha Lepus. Hakujengwa kwa kushindana na adui kwenye uwanda wazi. Alitegemea mbio fupi na maficho ya karibu, na kwenye nchi yenye vichaka kila mahali hiyo ilitosha.

Maadui hawakukosekana. Laetoli ilikuwa na mbweha na nguchiro, paka wa ukubwa mbalimbali, na ndege walao nyama. Sungura ni mnyama anayeliwa na kila mwenye meno au kucha, na jibu lake siku zote limekuwa uzazi. Wingi wa mifupa yake Laetoli ni hesabu ya uzazi huo: kizazi juu ya kizazi, kwa zaidi ya miaka laki mbili ya tabaka za Juu za Laetolil peke yake, walizaliwa wengi kuliko walioliwa.

Baada ya tabaka hizo, kumbukumbu ya Laetoli inakatika kwa karibu miaka milioni moja. Inapoanza tena, katika tabaka za Juu za Ndolanya za miaka milioni 2.66 iliyopita, mambo mengi yamebadilika. Australopithecus afarensis hayupo. Aliyepo ni Paranthropus aethiopicus, kiumbe mwenye mataya mapana na meno makubwa ya kusagia. Swala wa jamii ya nyumbu na kongoni, walaji wa nyasi, wameongezeka sana, dalili kwamba nyasi imeanza kushika nchi. Na katikati ya wageni hao wote, Serengetilagus praecipitis bado yupo. Alikuwa amemwona afarensis akija na akiondoka. Nikiwatazama wanyama wa Laetoli wote, ustahimilivu huu ndio unaonivutia kuliko ukubwa wa tembo wao au wingi wa twiga wao.

Lakini Afrika iliendelea kukauka. Nyika zilifunguka, vichaka vikarudi nyuma, na katika nchi ya namna hiyo mwenye miguu mirefu ndiye aliyeshika uwanda. Lepus ilienea Afrika Mashariki yote, na ndiyo inayoruka leo juu ya makorongo ya Laetoli, usiku, juu ya mifupa ya mtangulizi wake. Baadhi ya jenasi nyingine zilizobaki barani zimejificha mahali maalumu: Pronolagus kwenye miamba na vilima vya mawe, Poelagus kwenye nyasi ndefu za Uganda na nchi jirani. Serengetilagus hana mrithi aliye hai wa jina lake.

Nyayo za Eneo G zilifunikwa tena kwa udongo na mawe baada ya kuchimbwa. Mbegu za migunga zilizokuwa katika udongo huo zikaota, mizizi ikatishia mwamba, ikabidi mnamo 1995 na 1996 Idara ya Mambo ya Kale ya Tanzania na Taasisi ya Getty zifukue, ziondoe mizizi, na kufunika upya kwa utaratibu bora. Uamuzi ulikuwa sahihi. Maeneo mengine, yenye nyayo za wanyama peke yake, hayakupata ulinzi wa kiwango hicho. Mvua ileile inayotufunulia visukuku huzisugua nyayo zilizo wazi, na unyayo wa sungura, usio na kina, hufutika kabla ya wa tembo. Hapa napenda kusema wazi: Eneo A lilipofukuliwa upya mwaka 2019, nyayo ambazo kwa miaka arobaini zilidhaniwa huenda ni za dubu zilionekana kuwa za kiumbe wa jamii ya binadamu, na matokeo hayo yakatangazwa mwaka 2021. Kilichoachwa pembeni kwa kudhaniwa kuwa ni cha mnyama tu kilikuwa na habari nzito. Kuna kila sababu ya kupiga picha, kupima na kutunza nyayo za wanyama wadogo zilizobaki kwa bidii ileile.

Vivyo hivyo kwa mifupa ya Berlin. Watanzania wamekuwa wakijadili kwa miaka mingi yale madinosaria ya Tendaguru yaliyosimamishwa katika jumba lile, na mjadala huo ni wa haki. Kasha la mataya madogo kutoka Garusi halimo katika mjadala, kwa kuwa halionekani na watalii na halijai ukumbi. Hata hivyo spishi nzima inategemea mifupa ile: kila mtafiti anayetaka kuthibitisha kwamba taya aliloliokota Laetoli ni la Serengetilagus, lazima hatimaye alilinganishe na yale ambayo Dietrich aliyashika. Makasha hayo nayo yatajwe kwa jina katika orodha ya tunavyovizungumzia.

Uokotaji nao unaendelea. Tangu mwaka 1998 Terry Harrison na wenzake, Watanzania kwa wageni, wamerudi Laetoli mara nyingi na kuongeza maelfu ya visukuku kwenye mkusanyo, safari hii vikibaki nchini. Kila masika miteremko ya Garusi huoshwa, na kila masika yanapokwisha kuna meno mapya juu ya udongo. Mengi yake ni madogo, marefu kuliko yalivyo mapana, yenye mstari wa enameli uliojikunja usoni, nayo huwekwa kwenye mfuko, huandikwa namba ya eneo na tabaka, na kupelekwa kuhesabiwa pamoja na mengine.